Matanga ya Mtu Hai

Beni, tarehe 9 Septemba 2024

Yaya Siméon, kaka yangu,

Jana ulikata simu niliposema jina lake. Nilipiga tena, ukazima kabisa. Donc basi ninaandika, sababu barua hauwezi kuizima.

Hadassa yuko hapa kwangu. Mutoto wako.

Masista ndio walinipigia. Walisema kuna wanawake waliotoka porini kwa waasi, walikimbia siku ya mapigano, na mumoja anataja shangazi yake, Kaswera mushonaji wa Beni. Nilienda. Nilimukuta amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama mutu anayengoja bureau ya serikali ifunguliwe. Waasi walimuchukua kule Mabalako, shambani kwenu, akiwa na miaka kumi na tano. Leo ni mwanamke muzima. Amekonda, kichwa kimenyolewa, na kwenye taya kuna kovu nisilolijua. Mais lakini aliponiona alisema, "Shangazi, umezeeka!" Ni yeye. Nani mwingine angenitukana mbele ya masista?

Ana mutoto, binti wa miaka mitatu hivi, anaitwa Julie. Hakuniambia baba ni nani, na sikuuliza. Aliuliza habari yako. Aliuliza kaka yake Nzanzu. Kisha aliuliza mama yake, na ni mimi niliyemwambia kama Rébecca alikufa. Hakulia. Alimuvua Julie viatu, akamuvalisha tena.

Sasa njoo, Yaya. Unajua sheria ya wazee wetu wa Masereka. Mutu aliyefanyiwa matanga, akazikwa bila maiti, akirudi, ni yule aliyemuzika anayepaswa kumushika mukono mbele ya watu na kumuingiza. Kabla ya hapo ndugu hawamupokei. Nimemupigia Nzanzu. Amesema wazi: "Papa akimushika, na mimi nitamushika." Bwana yangu Kambere hana neno, yeye ni wa ukoo mwingine. Mimi nimekula na Hadassa sahani moja. Laana ikitaka kunipata, inajua nyumba yangu. Mais bila wewe mutoto huyu hana kwao.

Ninakungoja.

Mudogo wako,
Kaswera


Butembo, Vulamba, 14 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Kaswera,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Jean-de-Dieu wa pikipiki, ambaye alikataa chai kwa kuogopa mvua itakayomharibia barabara. Nimeisoma nikiwa nimeketi.

Nilikata simu kwa sababu nilikuwa kanisani na wazee wenzangu, na kwa sababu kuna majina ambayo mtu hapaswi kuyasikia yakitoka kwenye kitu cha plastiki.

Hadassa alikufa. Sisemi hivyo kwa ukali. Unakumbuka tulivyongoja. Kila mara wanawake walipotoka porini nilipanda gari kwenda kuzitazama nyuso zao, mara nyingine wewe ukiwa pembeni yangu, na kila mara nilirudi na nyuso za watoto wa watu wengine. Bado ninazo. Nikifumba macho zinapanga mstari. Kisha watu waliokwenda kuvuna Mabalako wakaanza kusema wamemwona kati ya miti yetu ya kakao, amesimama tu, haitiki akiitwa. Ndipo nilipokubali yale ambayo wazee walikuwa wakiniambia. Tulikata shina la mgomba kwa urefu wa kimo chake, tukalifunga katika kitenge, tukalizika Masereka. Niliomba mimi mwenyewe. Toka siku hiyo hakuonekana tena, nami nikaanza kulala.

Mimi si mtu wa mila, unanijua. Lakini Maandiko yanatuagiza tuzijaribu roho. Hapa mtaani kwetu familia moja ilimpokea binti yao kutoka porini kwa ngoma na mbuzi, na baada ya mwezi ikajulikana si wao: alikuwa ameyajifunza majina yao kwa mateka mwenzake aliyekufa. Simlaumu, kila mtu anatafuta mlango. Lakini yule mama alimzika mtoto wake mara mbili. Mimi sina nguvu ya mara ya pili.

Kwa hiyo muulize haya. Mwaka ule sukari ilipopotea nyumbani, nilimpa akariri kifungu gani? Na mama yake alimwita nani walipokuwa wawili peke yao?

Ninakutumia viazi kutoka Masereka. Ni vya mtoto. Mtoto hana hatia.

Kaka yako,
Mwalimu Siméon


Beni, 22 Septemba 2024

Yaya,

Nimemuuliza. Alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa.

Juu ya sukari anasema hivi: kifungu amesahau, mais hakusahau kama aliyekula ni Nzanzu, na fimbo ilimupata yeye. Mbele ya kuandika nilimupigia Nzanzu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema, "Shangazi, hapana kumwambia Papa." Nimekwambia.

Juu ya jina: mama yake alimwita Kahongya. Na alipolitaja ndipo alilia, maharagi yote yakamwagika, tukayaokota na Julie.

Unataka nini tena? Tomaso aliweka kidole kwenye jeraha, wewe umekaa Butembo unatuma maswali kwa pikipiki.

Acha nikwambie kitu, na ukasirike. Ninyi Waprotestanti munacheka sanamu zetu. Kila Krismasi unanitania, "Kaswera, mama wa udongo hajambo?" Mais ni wewe uliyevaa koti, ukafungua Biblia, ukauombea mugomba. Mimi nilikuwa pale. Nilisema Amina, na ninaona haya mpaka leo. Ni mutu mumoja tu aliyekataa kupanda kwenda Masereka. Siku ile ya matanga Rébecca alibaki Vulamba akafua nguo zote za Hadassa, akazianika kwenye kamba mbele ya majirani. Mulirudi mukazikuta zinakauka. Na ninyi wazee wa kanisa mukakaa kikao, mukasema mama huyu anashindana na mapenzi ya Mungu, ana moyo mugumu, mukamuweka chini ya kanuni. Hakukaribia Meza ya Bwana mpaka alipokufa.

Yaya, hauogopi muzimu. Unaogopa kama Rébecca alikuwa na haki.

Mutoto amekula viazi. Mama yake hakuvigusa.

Kaswera


Butembo, 1 Oktoba 2024

Kaswera,

Usimtaje Rébecca ukitaka tuendelee kuandikiana.

Uamuzi ule haukuwa wangu, ulikuwa wa baraza. Mimi nilitoka nje walipopiga kura, kama inavyotakiwa. Na hakuzuiliwa kuja kusali. Alikuja kila Jumapili, akaketi nyuma karibu na mlango. Sahani ya mkate ilipopita alitazama barabarani.

Kuhusu majibu: Hadassa niliyemlea hakunipinga hata mara moja. Aliadhibiwa akakubali. Huyu wako anasema fimbo haikumhusu. Kuhusu jina, mateka wawili wakilala chini ya turubai moja kwa miaka, watapeana hata majina ya siri. Sisemi ni mwongo. Nasema sioni. Mtu haoni kwa kulazimishwa.

Tena kuna mtoto. Unaniambia nimshike mkono mbele ya watu, na watu watauliza: na huyu je, baba yake ni nani? Kila nyumba ya waliokimbia hapa ina mtu aliyechinjwa. Nitawaambia nini? Mtoto hana hatia, niliandika mwenyewe na siifuti. Lakini damu ina sura.

Siku hizi asubuhi kuna ukungu mpaka saa nne, na harufu ya moshi wa mikalitusi inaingia kila mahali. Kule Mabalako saa kama hii tungekuwa tumekwisha kutandaza kakao juani, na harufu yake kali kama ya siki ingetukaa mikononi mpaka Jumapili. Nimekaa katika mji huu miaka saba, na bado ninapoamka natafuta mlango upande usio wake.

Nimepangiwa kuhubiri tarehe 13, juu ya moyo wa Farao. Uniombee. Mwambie huyo mwanamke namwombea, awe nani awaye.

Siméon


Beni, 10 Oktoba 2024

Yaya,

Nilikuwa nimemudanganya Hadassa. Nilimwambia miguu inakuuma, utakuja mvua ikipungua. Jumanne aliniuliza mbele ya Kambere, pole pole kabisa: "Shangazi, Papa anajua kama niko hapa?" Nilitafuta uongo mwingine, nikakuta umeisha. Kambere naye, mutu asiyejua kunyamaza wakati wa kunyamaza, akasema, "Anajua, mama. Ana maswali."

Hadassa aliinuka, akakusanya nguo za Julie. Jana asubuhi alimufunga Julie mugongoni, akapanda pikipiki njia ya Butembo. Aliniambia tu, "Ninaenda kumuonyesha Julie sura ya babu yake. Hapana kumwambia. Kama mimi ni mutoto wake, atanijua. Kama hanijui, tutajua."

Yaya, nakuomba kwa ajili ya mama yetu aliyetuzaa. Atafika kwako wakati wowote. Ana kitenge cha rangi ya majani na kitambaa cheupe kichwani. Mufungulie. Hapana kumuuliza swali. Mushike mukono tu.

Jean-de-Dieu anasema kesho ataondoka na barua hii mapema. Nimejaribu simu yako, iko imezimwa.

Kaswera


Butembo, Vulamba, 14 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Sijapata barua yako, na Jean-de-Dieu hajaonekana. Wanasema njia imefungwa pale Maboya toka Ijumaa, magari yamelala barabarani. Simu yangu nayo imekufa betri. Naandika hata hivyo, maana barua yangu ya mwisho ilikuwa baridi na sipendi ibaki kuwa neno la mwisho kati yetu.

Jana nilihubiri. Nilieleza jinsi Farao alivyoona ishara moja baada ya nyingine, na kila ishara ikampa sababu mpya ya kukataa. Nikawaambia: kipofu wa macho hutafuta fimbo, lakini kipofu wa roho hujitolea kuwaongoza wengine. Watu walikuwa kimya kuliko kawaida. Mzee mwenzangu Abdias, ambaye husinzia toka wimbo wa pili, jana alikaa macho wazi kabisa, akinitazama.

Lakini si hilo ninalotaka kukuambia. Kulikuwa na mgeni. Mwisho wa ibada tuliwaomba wageni wasimame, kama desturi, na akasimama mwanamke mmoja, amebeba mtoto. Alisema ametoka njia ya Beni, anaomba maombi. Hakutaja jina, nasi hatukumlazimisha. Siku hizi wageni wengi hawataji. Nilimwambia mbele ya wote: "Karibu, mgeni. Hapa ni kwa Baba yako." Kisha nikaenda kusimama mlangoni kuwasalimu watu wanaotoka. Alikuja wa mwisho. Nilimshika mkono. Hakuuachia haraka, nami nikamwacha aushike, kwa maana niliona ana taabu. Jua lilikuwa nyuma yake, na sura yake sikuiona vizuri.

Aliomba maji. Nilimletea kikombe mimi mwenyewe. Alimnywesha mtoto kwanza, akanywa yeye, kisha akakifunika kikombe juu ya mdomo wa mtungi, kinywa chini, kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu. Nikasema moyoni, kumbe hata wanawake wengine wana tabia hiyo.

Akaniuliza, "Baba, una watoto wangapi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa na wawili. Amebaki kijana. Binti alikufa."

"Alikufa namna gani?"

"Porini."

Alimfunga mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Pole, Baba. Pole sana." Na akaongeza kwa Kinande, "Wasingya, tata," akinishukuru kwa maji na kuniita baba. Lafudhi ilikuwa ya watu wa kwetu, ya Mabalako. Nilitaka kumuuliza ametoka kijiji gani, lakini alikwisha kushuka barabarani. Mtoto aligeuka mgongoni mwake akanitazama mpaka pale kwenye kona.

Kaswera, sijui kwa nini nakuandikia haya. Toka jana nimekuwa na furaha, furaha ya ajabu, kama mtu aliyeambiwa jambo jema katika lugha asiyoijua. Na pamoja na furaha hiyo, leo asubuhi nimeshindwa kunyanyua kijiko. Rébecca angesema nina homa. Labda ni homa.

Msalimie Kambere. Msalimie na mgeni wako.

Siméon


Beni, 19 Oktoba 2024

Yaya,

Njia imefunguka, na barua yako ya tarehe kumi na nne imenifikia. Utapata barua hii pamoja na ile ya tarehe kumi, ambayo Jean-de-Dieu alilala nayo Maboya. Soma ile kwanza. Kisha kaa chini, usome hii.

Hadassa alingoja Jumapili kwa masista wa Butembo, akarudi Jumanne, Maboya akipita kwa miguu. Nilimuona mulangoni, nikakimbia kumupokea mutoto, nikauliza, "Eeh, amesema nini?" Akajibu, "Papa hajambo. Anahubiri vizuri. Amesema nilikufa."

Alicheka, Yaya. Heri angelia. Kambere alitoka nje, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Aliniambia jambo moja tu tena. "Aliponishika mukono nilifikiri amenijua. Nilingoja. Nikasema moyoni, anangoja watu watoke. Watu wakatoka. Akaniletea maji."

Sasa sikia sheria ya wazee wako. Ulimushika mukono, mulangoni, mbele ya watu, na ukamwambia hapa ni kwa Baba yako. Umemaliza kila kitu. Hakuna aliyepokelewa vizuri kama yeye. Ilibaki tu umujue.

Mais si hiyo inayonifanya niandike haraka. Kuna kundi la wanawake linalopanga kwenda Mabalako kuvuna kakao kwenye mashamba yaliyoachwa. Wanaenda pamoja, wanalala pamoja, wanasema siku hizi kumetulia. Wewe na mimi tunajua kutulia kwa huko. Waasi walitulia hivyo hata mwaka ule walipomuchukua. Hadassa ameandikisha jina. Nilimushika nguo, nikamwambia, "Mutoto, ni pale pale walikuchukua!" Akasema, "Shangazi, mwenye kuogopa ni mutu aliye hai. Mimi baba yangu mwenyewe ametangaza."

Wataondoka kabla mwezi huu haujaisha. Mimi hanisikii. Kama kuna sauti itakayomuzuia, si yangu.

Kaswera


Butembo, 24 Oktoba 2024

Kaswera,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Nilitii: nilisoma ya tarehe kumi kwanza. Kitenge cha rangi ya majani. Kitambaa cheupe.

Kwa muda wa asubuhi nzima nilitafuta namna isiwe yeye. Nilipata nyingi. Wewe umesema amekonda, na yule niliyemwona hakuwa mwembamba sana. Wewe umesema kuna kovu, na mimi kovu sikuliona. Nilizipanga hoja zangu kama ninavyowapangia wanafunzi. Kisha nikaenda kwa Abdias, ili awe shahidi wangu. Nikamuuliza kama anamkumbuka yule mgeni.

Alifuta miwani yake. Akasema, "Mwalimu, mimi nilimjua aliposimama. Mama wa kwaya walimjua. Watu wote wa Mabalako waliokuwamo walimjua. Tulikutazama wewe. Uliposema karibu, mgeni, tukajua umeamua hivyo, na sisi ni nani wa kukupinga? Hata juu ya Rébecca hatukukupinga."

Niliuliza, "Na wewe ulidhani namjua?"

Akasema, "Tulidhani una moyo wa nguvu sana."

Ndivyo alivyosema, na alikuwa akinisifu.

Nimefundisha somo hili maisha yangu yote. Nilikuwa nikiwaeleza watu kwamba moyo mgumu ni ngumi, ni kelele, ni Farao anayepiga meza. Sivyo. Hauna sauti. Unaamka nao, unasali nao vizuri, unampa mgeni maji. Nilimhurumia kwa kweli, Kaswera. Ndilo jambo ninaloshindwa kulibeba. Huruma yote ilikuwapo. Yeye tu ndiye aliyekosekana ndani yake.

Nimekwenda kwenye kaburi la Rébecca. Niling'oa majani. Nimewaandikia wazee wa kanisa kwamba sitahubiri wala kugawa Meza mpaka nitakapoambiwa na mtu mwenye haki ya kuniambia. Abdias anasema navuruga kanisa. Nzanzu amekuja, nimemwambia, akakaa sakafuni kama mtoto. Amesema, "Papa, mimi nilingoja wewe." Kila mtu alikuwa akimngoja mtu mwingine, na aliyengojwa alikuwa amesimama mbele yetu.

Ninakuja. Nzanzu anatafuta gari. Mvua imekata barabara mahali pawili na hakuna anayekubali kuondoka leo. Nimemwambia hata kwa pikipiki, hata kwa miguu mpaka tupite mahali pabovu. Barua hii Jean-de-Dieu anaondoka nayo sasa hivi; amesema ataibeba ndani ya shati.

Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Mimi ndiye niliyesema alikufa, mimi ndiye nitakayesema. Mzuie. Mfiche viatu, mshike kwa nguo, mpigie kelele. Mzuie tu mpaka nifike.

Siméon


Mabalako, 3 Novemba

Papa,

Tulikuwa tumeondoka. Shangazi amenitumia neno kwa mwanamke aliyekuja nyuma yetu: barua yako iliingia mulango mumoja, mimi nilitoka mwingine, na wewe ulifika kesho yake na matope mpaka kiunoni. Anasema uliketi kwenye kiti changu, ukakataa kuinuka.

Ninaandika kwa kalamu ya mutu, donc nitasema ya maana.

Julie yuko na wewe sasa. Hajakuzoea. Hapana kumuita kutoka mbali. Kaa chini kwanza, ukuwe mufupi, halafu atakuja. Hapana kuomba kwa sauti mbele yake. Kule tulikotoka waliomba kwa sauti kabla ya kufanya mambo yao. Omba ndani ya moyo, Mungu anasikia. Anapenda viazi, mais ponda, hapana kumupa vipande. Akilala na viatu, muache. Shangazi anasema unamuangalia sana usoni. Ukitafuta sura ya mutu fulani, hautaiona. Mimi nimetafuta. Ana sura yake.

Akikuuliza wewe ni nani, mujibu. Hapana kumuambia mugeni.

Kakao iko nyingi. Miti yako imekuwa pori, matawi yamefungana mpaka jua haliingii, mais inazaa hivyo hivyo. Nyumba iliungua. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya shamba, bila kufanya kitu, wanawake wakaniita, sikuwasikia. Mumoja aliogopa, akasema nilikuwa kama mutu asiye wa hapa. Nikakumbuka ile Shangazi alinisimulia, walivyokuambia kama nilionekana hapa. Papa, labda ni kweli. Nilikuwa ninafika hapa kila siku katika mawazo. Labda walikuwa wananiona.

Shangazi anataka nikuandikie kama nimekusamehe. Sijui bado. Ninaandika kile ninachojua. Mukono wako ulikuwa na joto. Umezeeka. Na ulinipa maji wewe mwenyewe, haukutuma mutu. Vitu hivyo ninavyo. Vile vingine pia ninavyo.

Tutarudi kakao ikikauka. Jana kulisikika risasi mbali, upande wa mto. Waliojua walisema ni mbali, tukaendelea kupasua kakao. Kama nimechelewa, ngoja. Watu watakuja kukuletea maneno, watu wazuri, watu wa kanisa, na watakuambia ukubali. Hapana kukubali. Hapana kuita wazee. Safari hii ngoja.

Julie anajua kungoja, porini nilimufundisha. Ukichoka, kaa karibu yake.

Mutoto wako,
Hadassa